Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani: anzeni huku, Gereza lisubiri

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa ajili ya mpangilio wa ziara. Mwongozaji tuliyempata alimaliza asubuhi nzima kwenye ngome iitwayo Gereza, na kwenye magofu ya kasri la Husuni tukafika jua la utosi, akatuonyesha birika na kutuhimiza turudi chomboni. Gereza mnaloliona leo ni la Waomani, limejengwa juu ya ngome ya Wareno ya 1505, na nusu saa inalitosha. Husuni inataka saa mbili. Kubalianeni hilo kabla ya kung'oa nanga.

Husuni ni kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye msafiri Ibn Battuta wa Moroko alimkuta Kilwa mwaka 1331. Vyumba vimepita 100, na utajiri uliovijenga ulitokana na biashara ya dhahabu ya Sofala, bandari iliyoko Msumbiji ya leo. Tazameni upana wa vyumba: ni virefu, lakini vyembamba. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua chumba kiwe na upana gani. Kisha sogeeni karibu na nakshi. Tumbawe lake lilitolewa baharini na kuchongwa likiwa bichi, kwa kuwa likishakauka huwa gumu. Kuta zenyewe ni mawe ya matumbawe ya nchi kavu na chokaa. Birika la kuogea lina pembe nane, nalo ndilo nililolipenda kuliko yote.

Tafadhali msipande ukutani kupiga picha. Lipu ikishabanduka, mvua huingilia juu, chokaa hulegea, miti huota na mizizi yake hupasua ukuta. Kuziba kwa saruji huzidisha ubovu maana hufungia unyevu ndani. Dawa ni chokaa ileile. Magofu haya yaliwekwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini 2004, yakatolewa 2014 baada ya ukarabati, na kazi hiyo haifai kuharibiwa kwa picha moja.

Kibali lipieni Kilwa Masoko, mji wa bara, kabla ya kuvuka. Ulizeni maji ya siku hiyo: wakati wa bamvua (maji makuu) yakitoka, chombo hukwama mbali na mtatembea kwenye tope, kwa hiyo vaeni viatu vinavyofungwa. Maji ya kunywa chukueni kabla ya kuvuka.

Mkibakiwa na muda, vukeni korongo hadi Husuni Ndogo. Ni ukuta wa mstatili tu, lakini wataalamu bado hawajakubaliana ulijengwa kwa kazi gani.