Spektromita ya Raman ya mkononi: uzoefu wangu kwenye stoo ya dawa

Kifaa hiki, kinachotambua dawa kwa mwanga wa leza, ninakipenda na nitaendelea kukitumia, lakini anayekinunua akidhani amenunua maabara atajuta. Ni mlinzi wa getini tu, tena anayewafahamu wale uliowahi kumtambulisha.

Mimi ni mfamasia. Kazi yangu ni kupokea dawa zinapoingia stoo na kuamua zipi ziende rafuni na zipi zitengwe kwanza. Macho yanakagua lebo, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Kilichomo ndani ya kidonge macho hayakioni, na hapo ndipo kifaa kinapoingia. Kinarusha leza ya nanomita 785. Mwanga mwingi unarudi kama ulivyokwenda, ila sehemu ndogo sana inarudi ikiwa imebadilika kwa namna inayotegemea molekuli iliyogongwa. Kifaa kinauchora mwanga huo kama grafu yenye vilele, kinailinganisha na kielelezo cha dawa hiyo kilichohifadhiwa ndani yake, kisha kinajibu "ndiyo" au "hapana". Jambo hilo aliligundua C. V. Raman nchini India mwaka 1928, akapewa Nobeli mwaka 1930. Enzi hizo ilihitaji meza nzima ya vyombo. Leo nakishika kwa mkono mmoja.

Kwa parasetamoli ya miligramu 500 sina malalamiko kabisa. Sigusi hata pakiti: naegemeza pua ya kifaa kwenye upande wa plastiki angavu, nabonyeza, na baada ya sekunde chache jibu limetoka. Upande wa karatasi ya alumini usijisumbue, leza haipiti.

Kapsuli zina visa vyake. Niliwahi kupokea amoksilini yenye ganda lenye rangi mbili. Nilipopima upande wenye rangi nzito, grafu ilipanda ikawa mlima mmoja mnene. Rangi yenyewe ilikuwa inang'aa kwa leza na kuzimeza alama zote za dawa. Upande wa pili, mweupe, ukanipa vilele vikali vizuri sana, isipokuwa vilikuwa vya titani dioksaidi, ile rangi nyeupe ya ganda. Kifaa kikakataa mara zote mbili. Nikafungua kapsuli, nikamwaga unga kwenye kichupa cha glasi angavu, nikapima tena, kikakubali papo hapo. Kwa hiyo ukipata jibu la "hapana" usikimbilie kupiga simu kwa msambazaji; kwanza jiulize leza ilikuwa inatazama nini.

Jibu la "ndiyo" nalo lina mipaka, na hili wauzaji hulipitia haraka haraka. Maana yake ni kwamba kifaa hakijaona tofauti na kielelezo kilichohifadhiwa ndani yake. Chukua levothairoksini, dawa ya tezi ya shingo, ya mikrogramu 50: dawa yenyewe ni chembe isiyofika hata sehemu moja kwa elfu ya kidonge, kinachobaki ni vijazio, yaani unga usio dawa unaojaza kidonge. Ukimpa kifaa kidonge chenye vijazio vilevile bila dawa, kinaweza kukipitisha bila wasiwasi wowote. Vilevile hakitakuambia kama kidonge kitayeyuka tumboni inavyotakiwa.

Kwenye dawa za maji nipo makini zaidi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa za maji za watoto zilizokutwa Gambia zikiwa na diethilini glikoli na ethilini glikoli, sumu zinazoharibu figo. Kwenye gliserini, kimiminika kinachotumika kutengenezea dawa za maji, kikomo kinachoruhusiwa cha kila moja ya sumu hizo ni asilimia 0.10. Kifaa cha aina yangu kitashtuka gliserini ikibadilishwa yote, au ikichanganywa kwa asilimia kadhaa. Kiwango kidogo kama hicho hakikioni. Sampuli hiyo inakwenda maabara kwenye kromatografia, kipimo kinachotenganisha kemikali zilizochanganyika, hakuna mjadala.

Kazi kubwa ambayo hakuna aliyenionya ni kujenga maktaba ya vielelezo. Dawa moja kutoka viwanda viwili huwa na vijazio tofauti, hivyo kila bidhaa inataka kielelezo chake, kilichopimwa kutoka kwenye toleo ambalo maabara imelithibitisha. Miezi ya mwanzo unapima zaidi ili kukifundisha kifaa kuliko unavyokitumia. Wenye haraka huweka kielelezo kutoka pakiti yoyote iliyo karibu, na kama pakiti hiyo ilikuwa bandia, basi bandia ndiyo imekuwa kipimo!

Mengine ni madogo. Kila asubuhi nakihakiki kwa kipande cha polistirini kilichokuja nacho. Leza yake inaumiza macho, kwa hiyo hakichezewi. Vidonge vyeusi au vyenye rangi nzito vinaweza kuungua ukiacha nguvu ya leza juu, nami nimeshaona kidoa cha kahawia kikibaki. Kinachonikera kweli ni kampuni iliyokitengeneza kutaka malipo mapya ya leseni ili nihamishie spektra zangu mwenyewe, yaani zile grafu, kwenye kompyuta.

Stoo inayopokea bidhaa zilezile mara kwa mara, nyingi zikiwa na dozi kubwa, ikinunue bila kusita. Duka lenye dawa mchanganyiko, zinazobadilika kila wiki, lingojee kwanza. Mimi nikipata nafasi ya kubadilisha nitachukua chenye leza ya nanomita 1064. Kinachukua muda mrefu zaidi kwa kila kipimo, ila zile rangi za kapsuli hazikisumbui sana.