Mguu umepanda, ila yule kocha hapana

Ile studio ya Kijitonyama msiende. Nikifika mbele pengine nitabadili maneno, najijua, lakini kwa sasa msiende.

Mimi nacheza dansi na kikundi chetu, na tatizo langu ni moja. Msamba napiga hadi chini bila tabu. Ila nikisimama kwa mguu mmoja ninyanyue mwingine mbele au pembeni, ukifika usawa wa kiuno unagoma. Nikiushika kwa mkono unafika sikioni, nikiuachia unashuka. Tangazo lao likasema wana mazoezi ya nguvu kwa wachezaji wenye shida hiyohiyo, nikalipia mwezi mzima kwa simu kabla hata sijaona ukumbi.

Sasa huyo kocha. Alinisimamisha katikati ya watu, akaubeba mguu wangu hadi juu, akauachia ghafla. Ukaanguka. Akacheka! Nikamuuliza kwa adabu kabisa, "Kocha, kwa nini haukai pale ulipouacha?" Akanijibu, "Dada, una mguu kama mchi wa kinu, utakaaje juu?" Ukumbi mzima kicheko, na wengine mle ni watoto wa sekondari. Halafu dawa yake ikawa nini? Msamba. Msamba mpaka basi, na yeye ananikandamiza mgongo kwa goti. Mtu kakwambia msamba anao, wewe unamwongezea msamba! Nilitoka pale nyonga inauma, nikapanda daladala la Mwenge, nikasimama njia nzima, na ndipo hasira ziliponipanda sawasawa.

Haki isemwe lakini. Ana msaidizi pale, binti mmoja mpole. Siku kocha hayupo akanivuta pembeni: "Dada, wewe kunyooka unanyooka. Huna nguvu ya kuushika mguu ukiwa juu." Akanikalisha sakafuni, miguu imenyooka mbele, mikono huku na huku ya paja. "Nyanyua mmoja, usiegemee nyuma." Jamani! Kisigino kiliachana na sakafu kwa upana wa kidole tu, paja likakaza mpaka likatetemeka. Ukitaka uteseke zaidi, sogeza mikono mbele kuelekea goti. Kisha akanisimamisha mgongo ukutani, nivute goti kifuani kwa mikono miwili, niachie mikono goti libaki palepale. Halikubaki.

Akanieleza kwamba mguu ukishapita usawa wa nyonga, kazi kubwa ni ya msuli wa ndani kabisa, unaotoka kwenye uti wa mgongo pale kiunoni, unapita mbele ya nyonga na kujishikiza juu ya mfupa wa paja, upande wa ndani. Kuvutwavutwa hakuupi nguvu huo. Akanikazania na mguu uliosimama: tako likaze, kiuno cha upande wa pili kisipande, maana wengi wanadhani mguu umepanda kumbe wamepinda kiuno tu.

Nimefanya hayo nyumbani wiki nyingi, kidogo kidogo, nikipumzika katikati misuli ipoe. Mguu umepanda. Sikioni bado, lakini juu ya kiuno unakaa wenyewe, bila mkono, na mgongo haupindi. Kwenye mazoezi ya kikundi wenzangu waliniuliza nimekula nini.

Kwa hiyo nyota nne? Nilikuwa naelekea huko, kweli. Ila nikakumbuka nilipokwenda kuomba nihamishiwe kwa yule binti, kocha akasema huyo kazi yake ni kufungua ukumbi na kuwasha spika, hafundishi. Hafundishi! Nikaomba basi nirudishiwe pesa ya siku zilizobaki, akaniangalia juu mpaka chini, akaendelea kuchati.

Nyota moja, nayo ni ya binti. Mkibisha nendeni, ila nendeni Jumamosi asubuhi, kocha huwa hayupo.