Upinde wa kuwindia kwa mtu mrefu: upi ununue, upi uuache dukani

Mtu wa futi sita na inchi tano akiingia duka la pinde hapa Marekani, mara nyingi hushushiwa kilicho karibu ukutani: upinde mfupi wa inchi 28 au 29, mwepesi, rangi ya majani makavu. Ataambiwa ndio unaotoka sana mwaka huu. Mimi nilinunua wa kwanza kwa njia hiyo hiyo. Nina sentimita 196, naishi Minnesota, na kwa misimu miwili nilipiga mishale huku shingo nimeisukuma mbele ili pua ifikie ugwe. Kulungu wa kwanza aliyesimama mbele yangu, yadi 22, mshale ulimpita juu ya mgongo. Nilikuwa nimefanya mazoezi kiangazi chote, na bado mwili wangu ulikuwa ukijikunja kuufuata upinde uliotengenezwa kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo hapa nazungumza na warefu wenzangu, walio na futi sita na inchi tatu kwenda juu, wanaotafuta upinde wa kompaundi wa kuwindia. Walio Kenya wanajua kwamba uwindaji ulipigwa marufuku kule tangu 1977, lakini sisi tulio huku tuna msimu halali wa kulungu kila mwaka, na wengi wetu tunaanza tukiwa watu wazima bila mjomba wa kutuelekeza.

Kwa nini urefu ni tatizo

Mhadzabe wa Ziwa Eyasi hujichongea upinde wake, na akiuvuta, mkono wake ndio unaoamua mvuto uishie wapi. Upinde wa kompaundi haumpi mtu uhuru huo. Holless Wilbur Allen wa Missouri, aliyepewa hataza yake Desemba 1969, alifunga makapi kwenye ncha za upinde, yale magurudumu ya kupitishia kamba kama ya jahazini. Makapi hayo yanapozunguka, uzito wa kuvuta unapanda, kisha unaporomoka, halafu yanagota. Hapo pa kugota panaitwa ukuta. Ukuta ukiwekwa inchi 29 na mkono wako unataka 31, hakuna nguvu itakayokusaidia. Utabaki umekunja kiwiko, bega limepanda, na mshale utakwenda unakotaka wenyewe.

Jipime kabla hujaenda dukani. Simama ukutani, nyoosha mikono yote miwili pembeni bila kujivuta, mtu apime kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono huu hadi cha ule. Gawa kwa 2.5. Mimi nina sentimita 200, sawa na inchi 78.7, nikigawa napata 31.5. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia ya mvuto wako, yaani urefu unaouvuta ugwe hadi ukuta. Ukifika dukani inaweza kupungua nusu inchi, kwa sababu kifyatulio, kile kifaa cha mkononi cha kuachia ugwe, na kitanzi cha ugwe navyo huchukua nafasi, lakini haitatoka 31.5 ikaangukia 29. Pinde nyingi za kuwindia huishia 30. Kwa hesabu hiyo peke yake nusu ya ukuta wa duka imeshaondoka.

Jambo la pili wauzaji wengi hawaligusi. Ukiuvuta upinde hadi mwisho, ugwe hufanya pembe kama herufi V iliyolala. Upinde ukiwa mfupi na mvuto ukiwa mrefu, V hiyo inabana sana na ugwe unaukimbia uso. Mtu wa mvuto wa inchi 28 akishika upinde wa inchi 29, ugwe unamgusa ncha ya pua na pembe ya mdomo, na tundu la kulengea linakuja lenyewe mbele ya jicho. Mimi nikishika upinde huo huo, kati ya pua yangu na ugwe vinapita vidole viwili. Miguso hiyo miwili, pua na mdomo, ndiyo inayokuhakikishia kwamba kichwa kiko pale pale kilipokuwa jana. Ukiikosa, kila mshale unaanza upya.

Ndiyo maana mtu akiniuliza namba gani aitazame kwanza, namwambia mbili: mvuto unafika wapi, na upinde una urefu gani kutoka ekseli (mhimili wa kapi) ya juu hadi ya chini. Kwa mvuto wa inchi 31 kwenda juu, usishuke chini ya inchi 33 za ekseli.

Nafasi ya kwanza: upinde mrefu wa daraja la juu, uliotumika msimu mmoja hadi mitatu

Hapa ndipo ningeweka pesa yangu, na ndipo nilipoiweka. Kampuni kubwa kila mwaka hutoa upinde mmoja kwa saizi mbili. Mathews walitoa V3X ya 29 na ya 33 mwaka 2022, Phase4 za saizi hizo hizo 2023, kisha Lift ya 29.5 na ya 33 mwaka 2024. Namba hiyo kwenye jina ni urefu wa ekseli kwa ekseli. Ile fupi ndiyo inayokimbiliwa na kila mtu, na mvuto wake huishia 30. Ile ya 33 hupita 30, na ndiyo yako. Hoyt wao pacha mrefu wa pinde zao za kaboni humwita Ultra. Kaboni ni ghali, lakini asubuhi ya Novemba wakati mto umeanza kuganda, shiko la kaboni haliunguzi kiganja kama la alumini, na hilo si jambo dogo ukiwa juu ya mti tangu saa kumi na moja alfajiri.

Mpya wa alumini utakugharimu zaidi ya dola 1,200 kabla hujanunua hata kilengeo. Wa miaka miwili mitatu nyuma mara nyingi hupatikana kwa karibu nusu yake, kwa sababu wapenda pinde wa hapa hubadilisha kila mwaka kama watu wanavyobadilisha simu. Na ile mirefu huuzika polepole zaidi, kwa hiyo mtu mrefu ana nafasi ya kuomba kupunguziwa.

Lakini ukague. Pitisha pamba kavu taratibu kwenye mikono yote ya upinde, juu na chini. Pamba ikinasa nyuzi, kuna ufa, rudisha na uondoke. Tazama kingo za makapi kama zimepinda au kuchubuka. Hiyo mara nyingi ni dalili kwamba mtu aliufyatua bila mshale, na upinde uliofyatuliwa mtupu haununuliwi kwa bei yoyote. Ugwe ukiwa umechanua manyoya, hesabu ugwe mpya kwenye bei. Halafu uliza moduli. Moduli ni kile kipande kidogo kinachofungwa kwenye kapi ili kupanga urefu wa mvuto, na kwenye pinde nyingi za sasa kinabadilishwa kwa skrubu bila kuutia upinde kwenye presi, ile mashine ya kuukandamiza. Upinde unaweza kuwa na uwezo wa 31 lakini aliyekuwa nao alikuwa wa 28, hivyo moduli iliyofungwa ni ya 28. Usilipe kabla hujajua moduli yako inapatikana.

Nafasi ya pili: upinde uliotengenezwa kwa warefu hasa

Mathews Atlas ndio mfano ninaoupenda. Inchi 34 na ushei za ekseli, na mvuto unaofika inchi 34. Kwa mtu wa futi sita na inchi saba au nane, ambaye hata zile za 33 zinamgotea mapema, huu si wa pili tena, ni wa kwanza. Nimeuweka hapa kwa sababu mbili tu: ni adimu sokoni, na mwenye mvuto wa 31 hana haja ya kuutafuta huku pinde nyingine zinamtosha.

Ukiupata umetumika, kitu cha kufurahisha ni kwamba mwenyewe naye alikuwa mrefu, kwa hiyo moduli iliyomo huenda ikakaribiana na yako.

Nafasi ya tatu: wa bei nafuu unaorekebishika

Kwa anayeanza na hana dola 700, namwelekeza kwa Diamond Edge 320. Mvuto wake unapangwa kutoka inchi 15 hadi 31, uzito wa kuvuta kutoka paundi 7 hadi 70. Mtoto wako ataweza kuutumia, na wewe pia, mradi mvuto wako usizidi 31. Kubali mapungufu yake: kwa mtu mrefu makapi yako mwishoni kabisa mwa kipimo, na ukuta wake hauna ule ugumu wa pinde za daraja la juu. Lakini ni upinde halali wa kuwindia, na umeua kulungu wengi. Kuwa mwangalifu usichanganye na Bear Cruzer, ambao unauzwa rafu hiyo hiyo kwa maneno yale yale. Ni upinde mzuri, ila unaishia 30. Tofauti ya inchi moja kwenye karatasi haionekani, begani inaonekana.

Nafasi ya nne: upinde wa mashindano

Warefu wengine huchoka kutafuta na kununua upinde wa shabaha, wa inchi 36 hadi 40, kama Mathews TRX 38. Kwa kutulia mkononi hakuna unaoushinda, na ugwe unakaa usoni kama umechorwa. Shida ni porini. Wenyewe una uzito unaokaribia paundi tano bila kilengeo, podo wala stabilaiza (ile fimbo ya kuutuliza), na ukiwa kwenye kiti cha mtini lazima upitishe urefu huo kati ya matawi bila kugonga. Kwa mwindaji anayetembea kwenye nyasi na anayependa pia shabaha mwaka mzima, nitakubaliana naye. Wa hema la kujifichia hapana. Ncha ya juu itagusa paa.

Wa mwisho: zile fupi za 28 hadi 30

Sizirudii sana. Hata ikitokea moja yenye mvuto wa 31, pembe ya ugwe haibadiliki. Utaambiwa upinde mfupi ni lazima kwa hema. Keti kwenye kigoda, shika wa inchi 33, uvute. Mimi nafanya hivyo kila Oktoba na hakuna kinachogusa.

Kasi na uzito

Kwenye kibandiko utaona futi 340, futi 350 kwa sekunde. Namba hiyo hupimwa kwa mvuto wa inchi 30, paundi 70, na mshale mwepesi wa greni 350. Kila inchi moja ya mvuto ina thamani ya karibu futi 10 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba wewe mwenye 31 au 32 umeshapewa kasi ambayo mfupi anaitafuta kwa kuongeza uzito. Itumie. Chukua paundi 60 badala ya 70. Sheria haikudai nyingi: Minnesota ni paundi 30 kwa kulungu, Colorado 35, Oregon 40 kwa kulungu na 50 kwa elki, yule kulungu mkubwa. Tangu nishuke 60 bega langu halijauma, na mshale bado hupenya na kutokea upande wa pili.

Kwa sababu hiyo hiyo usinunue upinde ambao ugwe wake uko karibu sana na shiko ukiwa haujavutwa. Inchi 6.5 hadi 7 zinafaa. Ugwe wa karibu huongeza kasi, lakini mshale hukaa juu yake muda mrefu zaidi kabla haujaachia, na mvuto wako tayari ni mrefu. Kosa dogo la kiganja linapata muda wa kuingia kwenye mshale.

Angalia pia kiasi cha uzito kinachopungua ukifika ukutani. Pinde nyingi za sasa hupunguza asilimia 80 hadi 90. Kwa paundi 60 na punguzo la 80, unabaki umeshikilia 12. Ukipanga kuwinda Colorado, punguzo lisizidi 80, ni sheria.

Siku ya kununua

Nenda na mtu na simu. Funga macho, vuta, tulia, apige picha kutoka ubavuni. Kwenye picha utazame vitu vitatu: shingo imesimama, kiwiko cha nyuma kiko mstari mmoja na mshale au juu yake kidogo, na ugwe unagusa pua bila kichwa kuufuata. Muuzaji akikuambia utazoea, mrudishie upinde wake kwa adabu.

Usisahau mishale, maana hapa warefu wengi huharibu kazi nzuri waliyoifanya. Mshale mrefu hupinda zaidi unapoachiwa, kwa hiyo ule wenye namba ya ugumu ya 400 anaotumia rafiki yako mwenye mvuto wa 28 kwako utakuwa laini. Kwa paundi 60 na mshale wa inchi 31 natumia 300. Kwa paundi 70 ningeshuka hadi 250, maana namba ikiwa ndogo mshale ni mgumu zaidi. Na usikubali wakukatie mishale siku hiyo hiyo kwa kipimo cha kukisia. Vuta mshale mzima kwenye upinde wako mpya, ukiwa umeshawekewa moduli yako, mtu atie alama inchi moja mbele ya pale mshale unapoegemea upinde, ndipo wakate.