Uzoefu wangu: mwaka mzima wa kutuma makala majaridani na kuponi kwenye droo za bahati nasibu

Mwaka jana nilifungua daftari. Kurasa za kushoto niliandika kila hadithi au makala niliyotuma kwenye majarida, za kulia kila kuponi niliyotumbukiza posta kwa ajili ya droo. Nina steshenari ndogo Ngamiani, hapa Tanga, kompyuta moja na mashine ya fotokopi, kwa hiyo karatasi na bahasha nazipata kwa bei ya jumla. Mwisho wa mwaka kushoto kulikuwa na bahasha 9, kulia 31. Naandika kwa sababu kila wiki huja kijana dukani kuchapisha hadithi yake, akikunja risiti ananiuliza, "Hivi hawa wanalipa kweli?"

Nianze na droo. Nyingi ni kuponi tu ya gazetini, unakata, unajaza, unatuma, basi. Iliyonitia hasara ni ya sabuni ya unga. Vipande vitatu vya pakiti kwa kila bahasha, jina, simu, na jibu la swali ambalo hata mtoto wa chekechea analijua. Zawadi ya kwanza pikipiki. Nikaona nisiwe mchoyo, nikanunua pakiti 36 nipate bahasha 12. Sasa pakiti ukishaikata haifungiki tena. Sabuni yote tukaimimina kwenye ndoo ya jikoni, ikakaa jirani na ndoo ya unga wa ngano, na Jumapili moja mke wangu akachota kwenye ndoo isiyo yake. Alishtuka maji yalipoanza kutoa povu. "Mume wangu we, leo tungekula chapati za Omo!" Haikuwa hata Omo, ila kwetu kila sabuni ya unga ni Omo. Ilitufulia mpaka mwezi wa nane.

Pikipiki sikupata. Baadaye nikakaa nikapiga hesabu ambayo ningeipiga kabla ya kwenda dukani. Tuseme zimefika bahasha 20,000, nami nina 12. Hiyo ni nafasi moja kati ya kama 1,667. Na hizo 20,000 nimekisia kwa kujihurumia, maana tangazo lilikuwa likisomwa redioni kutwa kucha.

Halafu kuna usumbufu wa simu. Sina ushahidi kwamba namba yangu ilitoka kwenye zile kuponi, lakini miezi ile nilipata ujumbe wa "Hongera, umeshinda" mara nne. Mmoja alinipigia kabisa, sauti ya upole, ananiita mheshimiwa mshindi, ila nitangulize sh 45,000 za usajili. Nikamwambia akate humohumo kwenye zawadi, kitakachobaki anitumie. Akakata simu. Ukiambiwa utoe pesa ndipo upewe zawadi, hapo hakuna zawadi. Na promosheni ya halali inatakiwa iwe na kibali cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ile iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Siku hizi kuponi isiyotaja kibali hata mkasi siushiki.

Majarida sasa. Mjomba wangu, ambaye ndiye mwenye sanduku la posta tunalotumia ukoo mzima, hakunicheka nilipomwambia natuma hadithi. Alicheka niliposema pikipiki. Watu wa hapa wamezoea kutuma maandishi: gazeti la Kiongozi lilikuwa likitoka hapahapa Tanga tangu 1904, kwenye shule ya serikali ya Wajerumani, na walimu na makarani ndio waliolipelekea habari. Shaaban Robert, mtoto wa Machui, naye alikuwa akipeleka mashairi kwenye gazeti la Mamboleo. Mjomba huyataja haya kila akinikabidhi ufunguo wa sanduku.

Katika bahasha 9, tano zilimezwa na kimya. Nilipoangalia daftari nikakuta nne kati ya hizo sikuweka ndani bahasha ya pili yenye anwani yangu na stempu. Mhariri hatakununulia stempu akuambie hapana.

Hapana nilipata moja, na ndiyo barua iliyonifaa kuliko zote. Mswada wenyewe ulirudi, pembeni kuna kalamu nyekundu: "Hadithi inaanza ukurasa wa tatu. Hizi mbili za mwanzo ondoa." Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaziondoa, nikasoma, nikaona kweli mvua ya kurasa mbili haikuwa na kazi yoyote. Nikaituma kwingine. Ikakubaliwa, ikatoka, nikalipwa sh 40,000 kwa simu, baada ya miezi minne na kukumbusha mara tatu.

"Ndiyo" ya pili niliipoteza kwa uzembe wetu. Ada ya sanduku ya mwaka haikulipwa, kila mtu akidhani mwenzake kalipa, sanduku likafungwa. Tulipolipa nikakuta barua ya zaidi ya miezi miwili, mhariri anataka nithibitishe ndani ya wiki tatu kwamba hadithi haijatoka kwingine. Nilimwandikia baruapepe ya kuomba radhi. Alijibu kwa adabu kwamba nafasi ilishajazwa.

Ya tatu niliigundua kwa kinyozi, huko Makorora. Nikisubiri zamu nikaokota jarida lisilo na jalada, nafungua katikati nakuta makala yangu ya mafundi baiskeli. Kichwa chao, maneno yangu, aya ya mwisho imekatwa, na jina hakuna, langu wala la mwingine. Jarida silitaji. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mwandishi haki ya kutajwa, nami niliwaandikia hivyo kwa rejista, risiti ninayo. Mpaka leo kimya.

Kwa hiyo nyota: droo moja, na hiyo ni kwa zile za kukata gazeti ambalo ungelinunua hata hivyo. Majarida nawapa tatu, ingekuwa nne kama wangelipa bila kukumbushwa. Ada ya sanduku mwaka huu nimelipa mwenyewe mwezi wa kwanza.

Lile jarida la kinyozi nililiomba nije nalo nyumbani kama ushahidi. Akakataa. "Kaka, hilo la wateja." Nikamwonyesha makala, nikamwambia hii nimeandika mimi. Akaisoma mpaka mwisho, akaugeuza ukurasa kutafuta jina, akanitazama, akalirudisha kwenye benchi. Nikapiga picha kwa simu.