Chenga (vidoti vidoti) kwenye picha za mechi za usiku: lenzi au programu?

Mpira wa kikapu pale Makande, Mombasa, usiku, taa zinatosha macho lakini hazitoshi kamera. Ukitaka mchezaji anayeruka asitoke na ukungu, shata, yaani muda kamera inaopokea mwanga, iwe 1/800 ya sekunde hivi. Kwa lenzi ya f/4 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana zaidi), ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, inaweza kupanda hadi 12800, na chenga zinajaa.

Lenzi ya 85mm f/1.8 huingiza mwanga karibu mara 5 ya ule wa f/4. Shata ile ile, ISO inashuka hadi 2500 hivi. Tofauti utaiona kwenye ngozi na kwenye mikunjo ya kaptula: nyeusi inabaki nyeusi, bila vidoti vya kijani na zambarau. Ila f/1.8 haina huruma: sehemu inayotoka kali ni nyembamba. Fokasi ikishika mpira badala ya macho, picha imekwenda. Tena lenzi hii haivuti (haina zoom): shambulizi likihamia kikapu cha mbali, wewe ni mtazamaji tu.

Programu ya kuondoa chenga ni nafuu kwa mfuko, na hufanya kazi na lenzi yoyote. Piga RAW (faili ghafi la kamera), na usipige giza ukitegemea kuing'arisha baadaye, maana chenga hujificha vivulini. Ukizidisha usafishaji, nyavu zinayeyuka na uso unakuwa wa mwanasesere. Mkono uliotoka na ukungu haurudi.

Mimi ningeanza na lenzi, hata ya mtumba. Mhariri anayetaka picha kabla ya filimbi ya mwisho hasubiri kompyuta.