Lenzi ya simu na mafuta ya mwarobaini: uzoefu wangu na wadudu wa bustani ya uani, Mikindani

Nianze na bei, maana najua ndiyo inayoulizwa kwanza. Lenzi ya kubana kwenye simu nilinunua kwa shilingi 15,000 Mtwara mjini, duka la vifaa vya simu. Chupa ya mafuta ya mwarobaini ya mililita 250 nilipata kwa 12,000. Nimevitumia tangu katikati ya Oktoba mpaka mwisho wa Januari, na kama ningeambiwa nichague kimoja, ningechukua lenzi bila kufikiri mara mbili.

Bustani yenyewe ni ya uani. Ardhi yetu hapa Mikindani ina mawe ya matumbawe, ukipiga jembe mara mbili linagonga jiwe, kwa hiyo nimepanda kwenye ndoo zilizopasuka na viroba: nyanya, bilinganya, pilipili mbuzi, mchicha. Kuna mlimau mmoja niliukuta nilipohamia. Kunde napanda kando ya ukuta mvua zikianza. Ndiyo mboga yetu ya kila siku, watoto wangu wanakula kutoka humo, na ndiyo sababu kilichotokea Oktoba kiliniuma sana.

Majani ya bilinganya na nyanya yalianza kuwa na vidoti vya njano, vidogo kama vimechomwa na ncha ya sindano. Baada ya siku chache jani zima linageuka rangi ya shaba, linakauka, kuanzia yale ya chini kwenda juu. Nikiligeuza naona vumbi tu. Niliamini kabisa kuwa ni vumbi la barabara, maana Oktoba huku mvua hakuna na upepo unabeba kila kitu.

Nilichukua jani nikaenda nalo duka moja la pembejeo. Muuzaji hakuligeuza hata mara moja. "Chukua hii mama, inaua wadudu wote," akanimiminia dawa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Haina lebo, haina jina, hakuna maelezo ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Nilipomuuliza ni ya nini hasa, akasema ndiyo wanayopigia mikorosho. Nilipiga mara mbili ndani ya wiki mbili. Vidoti vikaongezeka. Kwenye ncha za nyanya ukatokea utando mwembamba kama wa buibui. Mchicha uliokuwa pembeni niliung'oa wote nikaufukia, kwa sababu sikujua ni lini utakuwa salama kuliwa na hakukuwa na mahali pa kusoma.

Hili nalisema kwa uchungu na nataka lisikike. Mkoa huu umejaa maarifa ya zao moja. Tuna kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele hapo jirani, watu wanajua mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi, wanajua ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, wanajua mwezi wa kupiga salfa ya kuuzuia. Lakini mama mwenye ndoo sita za nyanya anapewa kile kilichobaki kwenye pipa la mikorosho. Dawa iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, ina lebo, na lebo inataja zao, kipimo na siku za kusubiri. Kama umepimiwa kwenye chupa ya maji, hujanunua dawa, umenunua hatari.

Sasa lenzi. Ni kibanio kama cha nguo, kina kioo kidogo upande mmoja, unakibana juu ya kamera ya simu. Kwenye boksi wameandika namba kubwa za ukuzaji ambazo mimi siziamini, ila inakuza vya kutosha kuona miguu ya mdudu mwenye ukubwa wa nusu milimita. Siku ya kwanza nilikaribia kuirudisha dukani, picha zote zilikuwa ukungu. Nilikuwa nasimama mbali. Hii lenzi inataka uikaribishe mpaka sentimita moja au mbili kutoka kwenye jani, na hapo pumzi yako tu inatosha kutikisa picha. Nilichojifunza ni kukata jani, kuliweka upande wa chini ukitazama juu kwenye sahani nyeupe, kivulini, viwiko vyote viwili mezani. Kava la simu ulivue, la sivyo kibanio kinateleza.

Lile "vumbi" lilikuwa linatembea.

Niliona viumbe vyekundu kama maji ya kutu, vya mviringo, miguu minane. Kati yao vimayai vya duara, vyeupe kama shanga, na maganda waliyojivua. Nilirekodi video nikaenda kumwonyesha bibi shamba wa kata. Aliangalia sekunde kumi. "Dada yangu, hawa ni utitiri. Wana miguu minane, ni ndugu wa buibui, si wadudu." Akanieleza kuwa dawa nyingi za wadudu haziuui utitiri, ila zinaua wale wanaoula. Kwa hiyo mara zile mbili nilizopiga nilikuwa nawafukuza walinzi na kuwaachia wezi nyumba. Kwenye joto kama letu utitiri unatoka yai mpaka kuwa mzazi kwa muda wa kama wiki moja, ndiyo maana ndani ya siku 14 nilipoteza nusu ya majani ya bilinganya.

Matibabu aliyonipa yalianza na maji. Kila asubuhi kwa wiki nzima nilipiga mpira wa maji chini ya majani, kwa nguvu ya kuwaangusha lakini isiyochana jani. Utitiri unapenda ukavu na vumbi. Majani yaliyokwisha kuwa ya shaba niliyakata na kuyachoma, sikuyatupa kwenye shimo la mbolea.

Jioni ndipo mafuta ya mwarobaini yanapoingia. Kipimo nilichotumia ni lita 1 ya maji ya vuguvugu, nusu kijiko cha chai cha sabuni ya maji, kijiko 1 cha chai cha mafuta. Sabuni inatangulia kwenye maji, kisha mafuta, unatikisa mpaka maji yawe meupe kama tui jepesi. Ukiruka hatua ya sabuni mafuta yanaelea juu. Niliyaacha yaelee mara ya kwanza, na jani moja lililopata mafuta matupu liliungua. Ukichanganya, maliza jioni hiyo hiyo, kesho yake nguvu imepungua. Na upige jua likishaelekea kuzama, kwa sababu tatu: jua linaharibu kiini cha mwarobaini na linachoma jani lenye mafuta, halafu nyuki wanakuwa wamesharudi kwao. Jaribu jani moja kwanza, ungoje siku nzima.

Msitegemee kuona maiti asubuhi. Hapa ndipo wengi wanapoyalaumu mafuta haya bure. Mwarobaini unamfanya mdudu aache kula na ashindwe kujivua ganda akue, wakati mafuta yenyewe yanaziba mayai na wale yanaowafikia. Anayeona mdudu anatembea siku ya pili anasema dawa feki. Mimi nilipiga mara nne, kila baada ya siku tano, maana mayai yaliyosalimika yanaanguliwa katikati. Baada ya mara ya tatu majani mapya yakatoka safi, kwenye lenzi naona maganda matupu tu. Bilinganya nne zilipona, mbili zilikufa. Harufu yake ni kali, kama kitunguu saumu kilichochanganywa na karanga zilizooza, inakaa mikononi mpaka kesho. Ukiwa na mwarobaini uani kwako unaweza kutumia kiini cha mbegu kilichotwangwa, gramu 50 kwa lita 1, uloweke usiku kucha na uchuje kwa kitambaa. Bei ni jasho lako tu.

Lakini siku iliyonifanya niandike haya ni ya Januari, kwenye kunde. Nilikuta ncha zote zimejaa vidukari weusi, sisimizi wanapanda na kushuka, majani yananata. Juu ya majani kulikuwa na vitu vyeupe, na jirani yangu akasema ni inzi weupe, nipige haraka. Chupa ya mwarobaini nilikuwa nimeshaishika mkononi. Nikasema ngoja nitazame kwanza.

Vile vyeupe havikuwa inzi, yalikuwa maganda ya vidukari wenyewe. Inzi weupe ukitikisa mmea wanaruka wote kama majivu yaliyopulizwa, haya hayakuruka. Kisha nikaona baadhi ya vidukari hawakuwa weusi. Walikuwa wamevimba, rangi ya kahawia hafifu, wamekauka palepale kama punje ya mtama. Mmoja alikuwa na tundu la duara mgongoni, limekatwa vizuri kama kifuniko cha kopo. Nilimpelekea bibi shamba video ile, akanipigia simu yeye mwenyewe. Kuna nyigu wadogo sana, wadogo kuliko kidukari, wanaotaga yai ndani ya kidukari. Mtoto wa nyigu anamla kwa ndani, akikomaa anatoboa na kutoka. Kila ganda la kahawia ni nyigu mmoja anayekwenda kutafuta vidukari wengine. Kwenye jani lile lile kulikuwa na kitu kama kenge mdogo mweusi mwenye madoa ya rangi ya chungwa, ambacho miaka yote nimekuwa nikikiponda kwa kidole. Ni mtoto wa yule mbawakawa mwekundu wa madoadoa, na chakula chake ni vidukari.

Sikupiga chochote. Nilikata ncha tatu zilizozidiwa, nikawaangusha waliobaki kwa maji, na nikavuruga njia ya sisimizi kwa sabuni, kwa sababu sisimizi wanawalinda vidukari ili wanywe ule utamu wao. Baada ya siku kumi kulikuwa na maganda ya kahawia mengi kuliko vidukari walio hai. Majani ya kunde tukala wiki ile ile bila hofu. Hiyo ndiyo thamani ya elfu kumi na tano yangu.

Mlimau ulikuwa na vidung'ata, wale wenye pamba nyeupe kwenye vifundo. Lenzi haikuhitajika. Pamba iliyochovywa kwenye spiriti, kuwagusa mmoja mmoja, siku tatu wameisha.

Mapungufu yapo, na nayasema yote. Pilipili mbuzi zangu zilikunja majani, yakawa membamba na magumu, na lenzi haikunionyesha kitu. Kuna utitiri mwingine, wa kama sehemu mbili za kumi za milimita, unaojificha ndani ya machipukizi. Kwa huo lenzi hii ni dhaifu. Bibi shamba aliutambua kwa namna jani lilivyokunjwa. Nilitumia salfa ya mikorosho iliyobaki kwa mama yangu mzazi, kidogo sana, imefungwa kwenye kitambaa na kugongwagongwa juu ya mmea jioni ya mawingu, pua na mdomo nimefunika. Salfa inaua utitiri, lakini jua likiwa kali inaunguza majani, na haitakiwi kukutana na mafuta: niliacha wiki tatu tangu nilipopiga mwarobaini mara ya mwisho. Majani mapya yalifunguka. Nyanya mbili zilipata rasta, yaani majani kujikunja na kudumaa, na hapo napo lenzi haikusaidia, kwa sababu ule ni ugonjwa wa virusi unaoletwa na inzi weupe. Ukishaingia hakuna dawa. Niling'oa nyanya hizo siku hiyo hiyo.

Kioo kinachubuka haraka ukikifuta kwa kanga. Tumia kitambaa cha miwani. Na chumvi ya bahari imekwisha kula springi ya kibanio changu, kina kutu mpaka kimelegea. Sasa nakifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Ukiishi Masasi au Newala kitadumu zaidi. Huku pwani kihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko, na mchele kidogo ndani.

Kwa asiye na elfu kumi na tano kwa sasa, chukua karatasi nyeupe, kung'uta jani juu yake na ungoje nusu dakika. Vumbi halitembei. Yale yanayotembea, yapitishie kidole: yakiacha mstari mwekundu, ujue kuna kilicho hai kwenye jani lako. Kisha mpigie bibi shamba wa kata yako kabla hujakwenda dukani.

Lenzi naipa nyota nne kati ya tano, moja nimeiondoa kwa ile springi. Mafuta ya mwarobaini nayapa tatu na nusu: yanafanya kazi, ila chupa niliyonunua haikuwa na tarehe ya kutengenezwa, na nilipokwenda kuuliza nikaambiwa mafuta hayaozi. Chupa ya pili sitainunua mpaka nione tarehe.