Pink Floyd bila kupunguzwa: ninachosikia kwenye FLAC

Kinachonikera kwenye MP3, ile aina ya faili la muziki iliyoenea zaidi, ni maungio ya nyimbo. The Dark Side of the Moon (1973) ya Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza, ni albamu ambayo nyimbo zake nyingi zimeunganishwa bila kituo: mlipuko wa "On the Run" unafifia, nyayo za mtu zinapita, kisha saa za "Time" zinalia zote kwa mpigo. Saa hizo Alan Parsons, mhandisi wa sauti wa Abbey Road, alizirekodi kwenye duka la saa za kale. Sasa, faili la MP3 hubandikwa kijiukimya mwanzoni na mwishoni, na si kila programu ya kuchezea muziki inayojua kukiondoa. Matokeo yake ni kukwama kidogo hapo hapo ambapo bendi ilikesha ikiunganisha. Kwenye FLAC, aina ya faili isiyopoteza chochote cha sauti, hakuna kukwama. "Brain Damage" inamwagikia ndani ya "Eclipse" na hujui imeingia saa ngapi. Hilo peke yake lilinitosha kuhamisha maktaba yangu yote ya Pink Floyd.

FLAC hubana faili kama nguo zinavyokunjwa sandukuni: ukizikunjua, zote zimo. MP3 yenyewe hutupa kile inachodhani sikio halitakisikia. Kwa kilobiti 128 kwa sekunde inatupa hovyo, na matoazi ya mpiga ngoma Nick Mason yanageuka mchirizi wa maji. Kwa 320, nitasema ukweli hata kama wapenzi wa vifaa watanuna: sehemu nyingi sitofautishi. Sauti ya mwimbaji Clare Torry kwenye "The Great Gig in the Sky" inanisisimua vilevile kwenye zote mbili.

Mahali ninapoona tofauti ni penye utulivu. Wish You Were Here (1975) inaanza na kinanda cha Richard Wright kinachotandazwa polepole mno, halafu zile noti nne za gitaa la David Gilmour zinadondoka, na mwangwi wake unasikika mpaka unapoishia. Kwenye wimbo uliobeba jina la albamu, gitaa la kwanza limefanywa jembamba makusudi, kana kwamba linatoka kwenye redio mbovu. Mtu anakohoa. Kisha gitaa la pili linaingia, nene, karibu kabisa na sikio. Utamu wote wa mwanzo huo uko kwenye tofauti ya yale magitaa mawili, na faili lililobanwa sana huyasogeza yafanane.

Ila tumia waya. Bluetooth ya kawaida huibana sauti upya njiani, kwa hiyo FLAC yako inafika masikioni ikiwa imeshapunguzwa. Na toleo la biti 24 kwa kilohezi 192, yaani lenye vipimo vya sauti vingi na vya kina zaidi? Nimelifuta. Linakula nafasi kubwa, nami silisikii likizidi lile la biti 16 kwa kilohezi 44.1, ambacho ndicho kipimo cha CD.

Ningekuwa na pesa ya albamu moja tu, ningeacha kuhesabu biti na kununua Animals (1977) katika rimiksi, yaani mchanganyo mpya wa rekodi zilezile, ya mhandisi wa sauti James Guthrie iliyotoka 2022. Ile ya zamani niliipenda kwa hasira yake, lakini ngoma zilikuwa zimefunikwa blanketi. Kwenye rimiksi, besi ya "Sheep" inatembea wazi, na zile dakika 17 za "Dogs" hazichoshi tena. Tofauti hii utaisikia hata kwenye hedifoni za kawaida, na ni kubwa kuliko yoyote niliyoipata kwa kubadili aina ya faili.

The Wall (1979) inataka jambo moja la ziada: iweke ijirudie. Sentensi inayokatwa mwishoni mwa diski ya pili inakamilika mwanzoni mwa diski ya kwanza, na faili zisizo na pengo zikizunguka, inasikika nzima.